Wazee wakiondoka, ubaguzi utaondoka nao?

SWALI: Mhariri, kijana wangu anasema ubaguzi wa rangi ni ugonjwa wa wazee, tusubiri tu wapite. Ni kweli?

JIBU: Nusu yake ni kweli. Mwaka 1958 shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani kama wanaafiki ndoa za weusi na weupe. Walioafiki walikuwa asilimia 4. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 94. Wapo waliofariki na misimamo yao, na wapo waliobadilika wakiwa watu wazima. Kuwatenganisha, usilinganishe kijana wa leo na mzee wa leo. Chukua rika moja, tuseme waliozaliwa miaka ya 1940, uangalie walijibu nini wakiwa na miaka 30, kisha 50, kisha 70.

Ila vijana pia wamejua lipi halisemwi mbele ya mhojaji. Watafiti wana ujanja wao. Wahojiwa hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja husomewa mambo 3 yanayoweza kukera, la pili yaleyale 3 na jambo la nne, kuhamiwa na jirani wa rangi nyingine. Kila mtu hutaja idadi tu, si yapi. Wastani ukiwa 1.9 kundi la kwanza na 2.3 la pili, tofauti ni 0.4, basi takriban asilimia 40 wanakerwa na jirani, wala hakuna aliyeumbuka. Mbinu huharibika mambo yale 3 yakiwa yanamkera kila mtu, maana anayejibu "yote 4" amejianika. Sampuli ndogo nayo haifai. Tofauti humezwa na bahati.

Na maneno si matendo. Mwaka 2004 wachumi Bertrand na Mullainathan walichapisha matokeo ya wasifu wa kazi karibu 5,000 uliotumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zililingana, majina yakatofautiana. Majina ya kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale yanayojulikana kuwa ya weusi. Mwanao aulize nani anaitwa kazini, asiishie kwenye kura za maoni.

SWALI: Baba mkwe hutoa maneno ya dharau kuhusu rangi za watu mbele ya wajukuu. Nimkatize?

JIBU: Kwa sentensi moja, bila kupandisha sauti: "Baba, hapo sikubaliani nawe." Wajukuu wakisikia kimya, watakichukua kuwa ridhaa. Mengine yaache hadi mbaki wawili. Usianze na takwimu, atajitetea tu. Muulize aliyasikia wapi, na kama yeye mwenyewe aliwahi kudharauliwa, kisha umwache amalize.