Ruzuku ya Shule ya Charta: Fomu Ndiyo ya Mwisho

Maswali ya safari hii ni ya ruzuku ya serikali kuu kwa shule za charta, na yanatoka kwa wasomaji walioko Marekani, wengi wao wazazi na walimu wenye asili ya Kongo, Tanzania, Kenya na Burundi, wanaotaka kufungua shule ya charta au kupanua iliyopo. Wanaouliza charta ni nini nimewaacha. Kama bado hujui kwamba ni shule ya umma, haitozi ada, na inaendeshwa kwa mkataba unaoweza kufutwa, habari za ruzuku hazijakuhusu.

Naomba unitumie fomu ya ruzuku. Tunataka kufungua shule Agosti hii hapa Louisville, Kentucky.

Sina fomu ya kukutumia, na Louisville si mahali pa kuanzia. Kentucky ilipitisha sheria ya charta mwaka 2017, lakini utaratibu wa kuzilipa shule hizo umekwama. Sheria ya fedha ya 2022 ilibatilishwa mahakamani, na Novemba 2024 wapiga kura walikataa marekebisho ya katiba ambayo yangefungua njia. Nebraska na South Dakota nako msipeleke maombi. Kabla ya fomu, uliza jimbo lako linaruhusu nini.

Hata ungekuwa Ohio au Arizona, Agosti hii isingewezekana. Kuanzia kupeleka ombi la mkataba hadi watoto kuingia darasani, hesabu mwaka mmoja, na aghalabu mwaka na nusu. Ombi la mkataba hupelekwa kwa mwidhinishaji, yaani chombo ambacho sheria ya jimbo imekipa mamlaka ya kutoa mkataba na kuufuta. Sheria ya serikali kuu yenyewe inamtambua mwombaji wa ruzuku kuwa ni yule aliyekwisha peleka ombi kwa mwidhinishaji na kumjulisha mapema kwamba anaomba fedha. Asiye na mwidhinishaji hana cha kuombea. Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linarudi, kila mara likiwa na neno "haraka".

Tuko Minneapolis. Tuombe Washington moja kwa moja, au tupitie jimboni? Rafiki yetu wa jimbo jingine aliomba Washington.

Inategemea kama jimbo lenu lina ruzuku hai ya Mpango wa Shule za Charta wa serikali kuu. Mpango huo ulianza 1994 na sasa umo katika sheria ya elimu ya 2015. Fedha za jimbo zinaweza kushikwa na idara ya elimu, bodi ya charta ya jimbo, ofisi ya gavana, au shirika la kusaidia shule za charta la jimbo zima. Kama mojawapo ina ruzuku inayoendelea, mnaomba kwake na mlango wa Washington umefungwa kwenu. Kama hakuna, ndipo waanzilishi wanaomba Idara ya Elimu wenyewe: namba ya programu 84.282B kwa shule mpya, 84.282E kwa kupanua au kuiga shule iliyofanikiwa. Andiko zuri, yaani maelezo ya kuombea fedha, likipelekwa chini ya namba isiyo yake ni kazi bure.

Jambo ambalo hamkuuliza: aliyeshika fedha za jimbo anatakiwa kupeleka angalau asilimia 90 kwa shule, na kutumia angalau asilimia 7 kwa msaada wa kitaalamu na kuboresha kazi ya waidhinishaji. Kwa hiyo semina za waombaji na majibu ya simu mnazoogopa kupiga yameshalipiwa. Pigeni. Kisha someni maandiko yaliyoshinda miaka iliyopita, kwani Idara huyaweka hadharani pamoja na maoni ya wasomaji waliotoa alama. Ila msiyanakili. Vipaumbele hubadilika kutoka tangazo moja hadi jingine, na andiko lililong'ara chini ya kanuni za 2022 linaweza kukosa alama chini ya tangazo lililo mbele yenu.

Je, fedha hizi naweza kujengea tawi la shule Kigoma?

Hapana. Hata tawi la mtaani kwako Marekani halijengwi kwa fedha hizi.

Bajeti yetu imerudishwa. Wamekata kodi ya pango, mishahara ya walimu ya mwaka wa pili, na ujenzi wa madarasa mawili. Sasa ruzuku ni ya nini?

Ni ya kuanzia. Sheria inaruhusu kuwaandaa walimu na viongozi, kununua vifaa, samani, kompyuta na vitabu, ukarabati unaohitajika ili jengo litimize sheria, matengenezo madogo, gharama za mara moja za kuanzisha usafiri wa wanafunzi, na kazi ya kuwafikia wazazi na kuandikisha watoto. Basi linaweza kuingia. Mafuta na mshahara wa dereva wa kila mwezi haviingii. Kupanua mlango ili kiti cha magurudumu kipite kunakubalika, lakini kumwaga zege la darasa jipya ni ujenzi, na ujenzi umekatazwa. Kodi na mishahara ya shule inayoendelea ni gharama za kudumu, nazo zinabebwa na fedha ambazo jimbo linalipa kwa kila mwanafunzi. Muda wote wa ruzuku hauzidi miaka 5, na ndani yake maandalizi hayazidi miezi 18.

Halafu mstari wenu unaosema "Vifaa vya darasa: dola 80,000" ungekatwa hata kama vifaa vyote vinaruhusiwa. Msomaji wa bajeti anataka kuona hivi: kompyuta mpakato 60 kwa dola 340 kila moja, jumla dola 20,400, za darasa la tatu na la nne, zinunuliwe Juni kabla ya kufungua, kwa sababu mtaala uliotajwa ukurasa fulani wa andiko unazihitaji. Kila mstari uwe na idadi, bei, mwezi na sababu. Na kwa manunuzi ya ukubwa huo mtatakiwa kuwa na bei za maandishi kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja. Duka la shemeji peke yake halitoshi.

Kinachoangusha shule nyingi changa ni kitu ambacho hakuna aliyeniuliza: ruzuku nyingi za jimbo hulipwa kwa kurejeshewa. Mnalipa kwanza, mnapeleka ankara na uthibitisho wa malipo, ndipo fedha zinarudi, na zinaweza kuchukua wiki kadhaa. Risiti isiyo na tarehe inarudishwa, na saa inaanza upya. Mkinunua kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye barua ya ruzuku, mmejinunulia wenyewe. Kwa hiyo tafuteni mapema mkopo wa muda mfupi wa benki au mfadhili binafsi wa kuwavusha miezi ya kwanza.

Tena pigeni hesabu ya watoto kwa ukali. Tuseme jimbo linalipa dola 9,000 kwa mwanafunzi na mmepanga 120: hizo ni dola 1,080,000. Wakija 92, zinakuwa 828,000. Pengo la dola 252,000 ni mishahara ya walimu kadhaa, na ruzuku hairuhusiwi kuliziba. Andikeni bajeti mbili, ya 120 na ya 92, na mseme kabisa ni nafasi zipi za kazi hazitajazwa. Orodha ya sahihi 300 zilizokusanywa harusini na misibani haimshawishi mtu. Kinachoshawishi ni karatasi ya kila mtoto yenye umri, darasa atakaloingia mwaka wa kufungua, eneo la posta na sahihi ya mzazi. Ondoeni walioandikwa mara mbili kabla msomaji hajawaona.

Tulijaza fomu fupi ya mamlaka ya kodi ya kuomba msamaha wa kodi, 1023-EZ, kwa dola 275. Inatosha?

Haitoshi. Shule hairuhusiwi kutumia fomu hiyo, na ukurasa wa vigezo unauliza hivyo waziwazi. Aliyewajazia alijibu "hapana" palipotakiwa "ndiyo". Mnahitaji 1023 kamili, dola 600, inayopelekwa kupitia Pay.gov, pamoja na Jedwali B la shule na sera ya kutobagua iliyopitishwa na bodi. Inachukua miezi, basi anzeni leo.

Kuna mtaalamu anayetaka asilimia 10 ya ruzuku akituandikia andiko. Anasema hatulipi kitu tukikosa.

Mkataeni. Malipo hayo hayawezi kutoka kwenye ruzuku, kwa sababu kazi ilifanyika kabla ya ruzuku kuwepo, na chama cha kitaaluma cha waandishi wa maandiko kinakataza malipo ya asilimia. Mlipeni mwandishi kwa saa au kwa kazi, kutoka mfuko mwingine. Muulizeni pia nani atajibu maswali ya mwidhinishaji kwenye usaili. Kama bodi haiwezi kueleza bajeti yake bila yeye, shule si ya bodi.

Onyo hilohilo liwafikie wanaofuatwa na kampuni za kibiashara zinazotaka kuendesha shule nzima kwa sehemu kubwa ya mapato. Kampuni ya faida haiombi ruzuku hii. Bodi isiyo ya faida ndiyo inayoomba, na lazima iweze kuvunja mkataba na kampuni bila shule kufa. Mwaka 2016 mkaguzi mkuu wa Idara ya Elimu alieleza udhaifu uliotokana na uhusiano wa namna hiyo. Someni ripoti yake kabla ya kusaini chochote.

Kanisa letu Dallas lina jengo lililo tupu siku za wiki na watoto wengi wa Kikongo. Mchungaji ni mwenyekiti wa bodi. Tufungue charta ya watoto wa jamii yetu, tuanze siku kwa sala?

Hapa kuna maswali manne, na kila moja lina uwezo wa kuwaangusha.

Sala kama sehemu ya ratiba ya shule: hapana. Sheria ya ruzuku inataka shule isiyo ya kidini katika programu, uandikishaji, ajira na mambo yote. Oklahoma walijaribu charta ya Kikatoliki ya St. Isidore, Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4 mnamo Mei 22, 2025, na hukumu ya jimbo iliyoizuia ikabaki. Wenye madrasa nao wasome hapa, maana barua zao zinafanana na hii neno kwa neno. Shule binafsi ya dini iliyobadilishwa jina haipati fedha hizi.

Watoto wa jamii yenu pekee: hapana tena. Waombaji wakizidi nafasi, mnapiga bahati nasibu iliyo wazi kwa wote. Kuchagua kwa asili ya taifa kunavunja sheria ya haki za kiraia ya 1964. Wala msiulize karatasi za uhamiaji. Kesi iliyolimaliza hilo mwaka 1982, Plyler dhidi ya Doe, ilitoka Texas hukohuko kwenu. Mnachoweza ni kutangaza kwa Kiswahili na Kilingala, kuweka programu ya lugha mbili, kuajiri watu wanaoweza kuzungumza na mama asiyejua Kiingereza, na kama sheria ya jimbo inaruhusu, kuwapa uzito wa ziada kwenye bahati nasibu watoto wanaojifunza Kiingereza. Mkifanya haya vizuri watoto wenu watakuja. Watakuja na wa majirani pia, nao ni wenu.

Jengo: kupanga kwa kanisa kunaruhusiwa, ila kodi ikadiriwe na mthamini asiye na uhusiano nanyi, na mkataba wa pango uwe na kipengele cha kutoka.

Mchungaji: hawezi kuwa mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja. Kutoka nje wakati wa kura na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao ndicho kiwango cha chini. Ushauri wangu ni aondoke kwenye bodi kabisa kabla ya ombi. Najua ni mazungumzo magumu kumwambia mzee wa kanisa, lakini mkaguzi hatakuwa na haya.

Shule yetu, Columbus, ina darasa la kwanza hadi la tano. Tunataka kuongeza la sita hadi la nane. Ruzuku ya kuanzia tuliipata miaka mitatu iliyopita.

Kuongeza madarasa kunahesabika kuwa upanuzi, lakini upanuzi ni wa shule yenye ubora wa juu kwa tafsiri ya sheria: matokeo mazuri pamoja na ukuaji wa wanafunzi, hata ukiwatazama kwa makundi, na kusiwe na dosari kubwa za usalama, fedha au utii wa sheria. Kwa fedha za jimbo, shule moja hupata ruzuku moja ndani ya miaka 5, isipokuwa ionyeshe angalau miaka 3 ya matokeo yanayopanda. Ninyi mko hapo hasa. Kama mwaka mmoja kati ya hiyo umeshuka, subirini.

Badilisheni kwanza mkataba na mwidhinishaji uruhusu darasa la nane. Fedha binafsi nazo zipo: Walton Family Foundation husaidia shule mpya, Charter School Growth Fund hulenga mitandao inayokua.

Tuko Des Moines. Tuliwasilisha saa tano kamili usiku siku ya mwisho, tukapata namba ya ufuatiliaji. Baadaye tukaambiwa ombi halikupokelewa. Tukate rufaa?

Msijisumbue. Mwisho ni saa 5:59 usiku na sekunde 59 kwa saa za Washington. Saa tano usiku ya Des Moines ni saa sita usiku kule, mlikuwa mmeshachelewa.

Na hata mngewahi, namba ya ufuatiliaji inasema tu kwamba faili limefika. Barua pepe inayofuata ndiyo inayosema limethibitishwa au limekataliwa kwa makosa. Makosa yenyewe ni madogo ya kuudhi: jina la faili lenye alama za ajabu au refu kupita herufi 50, PDF yenye nywila, mtu anayewasilisha hajapewa na shirika mamlaka ya kusaini kwenye mfumo wa kuwasilisha maombi, au UEI, namba ya utambulisho wa shirika ya tarakimu na herufi 12, isiyolingana na ile ya usajili. Wasilisheni siku tatu kabla, muwe na nafasi ya kurekebisha na kutuma tena.

Usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili mashirika yanayoomba fedha zake, ni bure; anayewadai ada ni dalali. Unakwisha kila mwaka, na jina na anwani lazima vifanane na hati za jimbo na barua ya mamlaka ya kodi. "Suite 4" upande mmoja na "#4" upande mwingine vinaweza kuwakwamisha kwa wiki. Angalieni tarehe ya usajili wenu kumalizika leo hii, kwa sababu lazima uwe hai siku ya kuomba na pia siku ya kupewa.