Mkojo rangi ya kola baada ya mazoezi ya juani: kabla hujaiita UTI, uliza alimeza nini

Mkuu, umesema dogo wako wa miaka 19 anajifua na timu ya ndondo, mpira wa mtaani, hapo Isevya saa nane mchana, Oktoba hii hii. Juzi amerudi mapaja yamekakamaa, mkojo rangi ya Coca-Cola, duka la dawa wakampa dozi ya UTI. Unauliza amalize dozi au aache mpira. Nakujibu kama mtu wa maabara hapa Tabora, ambaye jioni hubeba sanduku la huduma ya kwanza la timu ya mtaa.

Kwanza la haraka. Kama mkojo bado mweusi, au anakojoa kidogo sana, anatapika, au maneno yake hayaeleweki, mpeleke hospitali leo. Apimwe kreatinini, yaani taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja, na potasiamu. Misuli ikipasuka humwaga potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Hilo si la kusubiri Jumatatu.

UTI kwa kijana wa kiume wa umri huo haiji kila siku, na ikija huja na kuchoma wakati wa kukojoa, kwenda chooni kila mara, pengine na homa. Haikakamazi mapaja. Rangi ile baada ya mazoezi makali mara nyingi ni mayoglobini, protini nyekundu iliyomo ndani ya misuli. Msuli ukiumia inavuja, inaingia kwenye damu, kisha inafika kwenye figo ambako ikiwa nyingi inaziba na kuunguza vimirija vyake.

Maabara inavyokwenda ni hivi. Unachovya kijiti kwenye mkojo, sehemu ya damu inageuka kijani iliyokolea, unaandika damu +++. Ukiishia hapo umempoteza mgonjwa. Weka mkojo huo huo chini ya hadubini: seli nyekundu huzioni, au ni moja mbili tu. Kijiti hakitofautishi damu na mayoglobini. Basi vuta damu ya mgonjwa, izungushe kwenye mashine, tazama majimaji yanayobaki juu. Yakiwa na wekundu, seli za damu zimepasukia ndani ya mishipa, na kwa mkoa wetu wenye malaria hilo lazima uliwaze. Yakiwa ya njano kama kawaida, shaka inahamia kwenye misuli. Hapo hujatumia kifaa chochote cha mamilioni.

Joto linaingiaje? Ukiwa umetulia, figo hupata karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ukikimbia juani, misuli inadai damu, na ngozi nayo inadai ili itoe joto. Figo ndizo zinazopunguziwa. Wakati huo jasho linaweza kufika lita moja hadi mbili kwa saa, na ubongo unatoa homoni ya kubana mkojo. Tabora ni kukavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unajikuta na michirizi myeupe ya chumvi kwenye jezi ukidhani hukutoka jasho sana. Kwa mtu mwenye afya hali hiyo ni ya muda: kreatinini hupanda kidogo, halafu hushuka ndani ya siku moja au mbili.

Kwa hiyo mimi silaumu jua peke yake. Nadhani hatari kubwa zaidi kwenye viwanja vyetu iko mfukoni mwa wachezaji. Kaa karibu na benchi kabla ya mechi ya ndondo uone: vidonge vya maumivu vya diklofenaki vinapita mkono kwa mkono, viwili viwili, tumbo tupu, “ili goti lisinisumbue”. Damu inapopungua, figo hutegemea kemikali zinazoitwa prostaglandini ili mshipa unaoingiza damu ubaki wazi. Diklofenaki na Brufen (yaani ibuprofen) huzizuia hizo hizo, mshipa unabana wakati figo zina kiu. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwafuatilia wakimbiaji wa kilomita 80: waliomeza ibuprofen, asilimia 52 walionyesha figo kuumia, waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani asilimia 34. Tofauti si ya kukata kesi, lakini inatosha mimi kumnyang'anya mtu kidonge. Kibaya zaidi, mapaja yakiuma baada ya mechi anachomwa diklofenaki nyingine. Kwa maumivu hayo heri Panadol kwa kipimo chake.

Aliyekwambia figo za kijana hazifi kwa joto, mwambie El Salvador madaktari waliandika tangu 2002 kuhusu vijana wenye ugonjwa sugu wa figo bila kisukari wala presha. Huko na Nicaragua wakata miwa ni wengi miongoni mwao, na kazi nzito juani inashukiwa sana, ingawa mjadala wa chanzo haujafungwa. Nikiwaona wafyatua matofali wetu na vibarua wa tumbaku Urambo, nawawaza hao.

Maji anywe, ila asijilazimishe lita tatu kwa mkupuo. Maji mengi kwa mara moja huizimua chumvi ya damu, na ikishuka ghafla anaweza kupata degedege. Jasho likiwa jingi, ORS inafaa kuliko soda. Mwili unahitaji kama wiki mbili kuzoea joto, ukiongezewa kazi kidogo kidogo. Kocha anayesema jua linakomaza ana nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba hajui nani kalala na homa jana. Mazoezi yaende saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni.

Mwulizie pia selimundu kwenye ukoo. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa kabisa, yuko kwenye hatari zaidi ya misuli kupasuka akijisukuma kwenye joto.

Mpira hajaupoteza. Apumzike hadi maumivu yaishe, mkojo uwe safi na kreatinini irudi, kisha aanze kwa kutembea, halafu mbio nyepesi za jioni. Ikijirudia kwa mazoezi madogo, atafutwe tatizo la misuli la kuzaliwa nalo. Dozi ya UTI daktari ndiye aamue, baada ya kuona kama mkojo una usaha au wadudu. Ukienda, beba pakiti zote alizopewa dukani, na kama alichomwa jentamisini, sindano ya kuua bakteria, sema mapema, maana hiyo nayo ni kali kwa figo.