Pikapu ikila maji, tafuta kwanza yanakotokea

Barabara ya Mbale kwenda Kapchorwa, hapa mashariki mwa Uganda, haina shida mpaka upite Muyembe. Kutoka hapo inaanza kupanda, na kila kona ya kuelekea Sipi inaipima rejeta yako. Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, injini ya dizeli aina ya 3L, na kazi yake ni kushusha viazi na mahindi sokoni Mbale. Msimu mmoja ilianza kula maji. Asubuhi naongeza lita moja, jioni lita mbili. Wiki tatu nzima nilitembea na dumu la lita 20 nyuma ya siti, nikijiambia kwamba gari la umri ule lazima linywe. Nilikosea. Maji ya injini hayapotei hivihivi: yanatoka mahali, na mahali hapo panaonekana ukipatafuta bila haraka.

Gari lilichemsha karibu na Kaserem. Gereji ya kwanza niliyokwenda, fundi aliona unyevu mgongoni mwa rejeta, akasema rejeta imekwisha. Nikalipa shilingi 280,000 za kuitengeneza upya. Siku nne baadaye maji yalikuwa yanapungua vilevile. Nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza magari ya mizigo, nikaanza kumweleza habari za rejeta. Akanikata: "Mwanangu, usinitajie spea. Nionyeshe tone."

Tone lilikuwa linatoka kwenye pampu ya maji. Likianguka, mkanda na feni vinalinasa na kulirusha kila upande, hadi kwenye kava la feni na kwenye rejeta yenyewe. Ndiyo maana palipolowa pakatudanganya. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, kisha anzia hapo, kwa sababu maji hushuka, na feni huyatawanya.

Tangu siku ile nafanya hivi. Jioni naosha injini iliyopoa, naiacha ikauke, natandika boksi lililokunjuliwa chini yake. Asubuhi, kabla ya kuwasha, nasoma boksi: doa liko mbele, katikati au nyuma? Kisha tochi. Pitia miisho yote ya mpira wa juu na wa chini wa rejeta, chini ya kila klipu, na ile mipira midogo ya hita nyuma ya injini ambayo watu wengi huisahau kwa kuwa huku hita hawaiwashi. Kulanti, ile dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji, ikikauka huacha ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi. Maji matupu huacha mchirizi wa kutu. Usipoona kitu, endesha mpaka injini ishike moto, zima, acha mfuniko wa rejeta ulivyo, uangalie kwa dakika kumi. Pampu imesimama lakini chuma bado ni cha moto, kwa hiyo presha inapanda kidogo baada ya kuzima, na hapo ndipo uvujaji wa siri hujitokeza.

Kwenye pampu, chini ya shafti, kuna tundu dogo. Limewekwa makusudi na kiwanda: sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea pale badala ya kuingia kwenye beringi. Usilizibe kamwe. Nimeona watu wakiligongelea kijiti, na pampu ikaja kukwama njiani na kukata mkanda. Injini ikiwa imezimwa, shika puli uitikise. Ikicheza, hata kama haijalowa sana, pampu hiyo imefika mwisho. Mimi nilinunua mpya kwa shilingi 160,000, pamoja na gasketi yake (karatasi ngumu inayoziba maungio), mikanda na mpira wa chini, maana kufungua kote kule halafu kurudisha mpira uliopasuka ni kujitafutia safari nyingine.

Kazi yenyewe haitishi ukiwa na spana na asubuhi nzima. Injini iwe baridi kabisa. Fungua koki iliyo chini ya rejeta, kinga kulanti kwenye beseni na uifunike mara moja: ni tamu, mbwa huinywa, na inaua. Toa kava, mikanda, feni, kisha pampu. Pakwangue pale gasketi ya zamani iliposhikia mpaka chuma king'ae, na hapa usiharakishe hata kidogo, kwa kuwa kipande kidogo cha karatasi kikibaki utafungua tena wiki ijayo. Boliti zikaze kidogo kidogo kwa kupishana, siyo upande mmoja hadi mwisho.

Kama nje kote ni pakavu lakini maji bado yanapungua, simama. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa moto, au oili inayofanana na chai ya maziwa, hayo ni mambo ya gasketi ya silinda hedi, ile iliyo kati ya injini na kichwa chake. Usilipandishe gari mlimani katika hali hiyo.

Nataka niseme pia juu ya mfuniko wa rejeta, maana huku milimani tunaudharau. Kapchorwa iko juu kiasi kwamba maji kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 hushikilia presha na kuyafanya yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, utachemsha hata kama hakuna kinachovuja. Ni spea ya bei ndogo. Badilisha.

Na thamostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto, usiitupe. Yangu ilikuwa imeshatolewa na fundi fulani kwa maelezo kwamba nchi yetu ni ya joto. Katika injini nyingi za Toyota, thamostati ikishafunguka huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji haipoi kabisa, na utaijua hasara yake ukiwa na mzigo mlimani. Kabla ya kufunga, itumbukize kwenye sufuria jikoni uione ikifunguka maji yakikaribia kuchemka. Kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu, hewa ipitie hapo.

Mwisho ni kujaza. Nachanganya kulanti nusu kwa nusu na maji ya mvua niliyoyakinga baada ya paa kuoshwa vizuri. Maji ya kisima cha pampu yana chumvichumvi zinazoganda ndani ya mirija ya rejeta. Naegesha pua ya gari ikitazama juu, nafungua hita hadi mwisho, naijaza injini ikiwa baridi, naiwasha mfuniko ukiwa wazi, na kila maji yanaposhuka naongeza mpaka mapovu yaishe na mpira wa juu upate moto. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, nafungua tena kuangalia. Siku ya tatu pia. Mara ya mwisho yalishuka upana wa kidole siku ya kwanza, hewa iliyobaki ikitoka, na baada ya hapo hayakusogea. Dumu la lita 20 sasa linabeba maji ya kuku.