Skagway na mama mzee: pandeni kwa basi, mshuke kwa treni

Habari yako ndugu. Umeuliza kuhusu siku yenu moja ya Skagway, mji wa bandari wa Alaska, mkiwa kwenye meli ya kitalii: mpande White Pass, ile njia ya milimani ya mpakani na Kanada, kwa treni na kurudi kwa treni hiyo hiyo, ama mchukue ile safari ya basi na treni. Umesema mama ana miaka 74, alizaliwa Londiani, magoti yanamsumbua, na unahofia kifua chake huko milimani. Mimi niko Nakuru, na safari zote mbili nimezifanya kwa miaka tofauti, kwa hivyo nakujibu nilivyoona. Pandeni kwa basi, mshuke kwa treni.

Kwanza nikuondolee hofu ya kifua. Kilele cha White Pass kiko mita 873 tu kutoka usawa wa bahari. Kisumu yetu, pale pale ufukweni mwa ziwa, iko juu ya mita 1,100. Mtu aliyezaliwa Londiani, juu zaidi ya hapo, anaenda kupanda mlima ulio chini kuliko soko la Kibuye pale Kisumu! Kitakachomsumbua ni baridi, kwa sababu kule ni kaskazini mno. Mfungashie sweta nzito, soksi na leso ya kufunika magoti, hata kama meli itatia nanga jua likiwaka.

Sasa kwa nini basi liwe la kwenda? Barabara ya Klondike inapita ng'ambo ya bonde, reli iko upande wa pili. Ukiwa kwenye basi unaiona treni ikitambaa kama jongoo kwenye jabali, na hapo ndipo unapoelewa walichofanya wale waliojenga reli. Treni yenyewe haisimami upige picha, lakini basi husimama, na dereva wetu alikuwa akieleza kila kitu njiani. Mnafika Fraser, upande wa Kanada, kama kilomita 45 kutoka Skagway, mnahamia kwenye mabehewa na kuteremka.

Reli hiyo ni ndugu kabisa wa reli yetu ya zamani, ile ya Mombasa hadi Kisumu. Walianza kuijenga mwaka 1898 wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, wakaikamilisha Julai 1900. Yetu ilifika Kisumu Desemba 1901. Yetu ina upana wa mita moja, yao ni nyembamba zaidi, milimita 914, ili iweze kukata kona kali. Kuna mahali inapanda karibu mita 4 kwa kila mita 100. Kuna daraja la chuma la mwaka 1901, refu kama mita 65 kwenda chini, ambalo liliachwa mwaka 1969 na bado limesimama pale, limeshika kutu juu ya korongo. Kabla ya reli watu walipita na farasi, na kama farasi 3,000 walikufa njiani. Mahali pengine ile njia ya miguu bado inaonekana, mstari mwembamba uliochongeka kwenye mwamba. Niliutazama mpaka ukapotea.

Kuhusu viti: utaambiwa na wengi mkae kushoto. Hiyo ni kweli ukipanda kwa treni, maana bonde liko kushoto. Nyinyi mtakuwa mnashuka, kwa hivyo kaeni kulia. Kwenye ile ya kwenda na kurudi, injini huhamishwa kileleni ikavuta kutoka upande wa pili, na abiria wanageuza migongo ya viti na kubadilishana pande. Maana yake utaona korongo vizuri mara moja tu, ama kupanda ama kushuka.

Jambo ninalokuomba ulishike sana ni pasipoti. Mara yangu ya kwanza, mimi na dada yangu tulikuwa tumelipia hii ya basi. Mtu wa dawati la matembezi kule melini alituambia kadi ya meli inatosha. Tulipofika mlangoni mwa basi tukaombwa pasipoti, na zetu zilikuwa zimefungiwa kwenye sefu ya chumba. Tukaachwa gatini, basi likaenda. Tulibahatika kuhamishiwa treni ya kilele, ile ya kwenda na kurudi, ambayo inageuka bila mtu kushuka Kanada, na hatukuulizwa kitu. Kwa pasipoti ya Kenya hakikisheni viza za Kanada na za Marekani zote zinaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu mtatoka na kurudi, na mkirudi Skagway mnakaguliwa tena. Jambo lingine, Fraser saa iko mbele kwa saa moja. Simu itajibadilisha yenyewe. Nyinyi fuateni saa ya meli. Na lipieni safari hii kupitia meli, kwa sababu basi lenu likichelewa, meli itawangoja.

Magoti: ngazi za kupanda ni za basi na za behewa tu, na choo kipo ndani ya behewa. Zile safari ndefu zinazoendelea ndani ya Kanada hadi kijiji cha Carcross na ziwa la Emerald Lake ni nzuri, lakini mama atakaa kwenye basi saa nyingi. Mimi singempeleka.

Mara ya pili nilienda na mama mkwe wangu, naye wakati huo alikuwa amepita 70. Tulipoingia kwenye handaki taa zikawa hafifu, magurudumu yakaanza kulia kwenye kona, naye akanishika mkono akaanza kutaja stesheni za reli yetu ya Kisumu polepole, kama zamani akienda kwao: Londiani, Kedowa, Lumbwa, Fort Ternan, Koru. Tulipotokea kwenye mwanga alikuwa amefika Muhoroni.