Nimesilimu: je, niende kwetu Butere mama anapokusanya watoto wake Krismasi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mwanamke niliyesilimu, naishi Kisumu na mume wangu na watoto. Kwetu ni Butere na wote ni Wakristo. Kila tarehe 25 Desemba mama hukusanya watoto na wajukuu nyumbani. Tangu nisilimu sijaenda, kwa kuwa dada mmoja wa darsani aliniambia nikienda nitakuwa nimesherehekea dini yao. Mwaka huu mama amenipigia simu akilia, anasema uzee umemfika na anataka atuone sote. Mume wangu hana pingamizi. Niende? Na mchango walioniomba, nitoe?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nenda, dada yangu. Nimelitanguliza jibu kwa sababu naona kilio cha mama kimekulemea.

Haki ya mama yako haikufutika uliposilimu. Asmaa bint Abubakar (r.a.) alijiwa Madina na mama yake, naye bado ni mshirikina. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, akajibiwa: ndiyo, muunge mama yako. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Na katika Surat Luqman, aya ya 15, Allah anawataja wazazi wanaomshurutisha mtoto amshirikishe Mola wake. Anamkataza mtoto kuwatii katika hilo, kisha hapo hapo anamwamrisha akae nao kwa wema duniani. Wazazi wako hata hawajakushurutisha. Wamekuita mle pamoja.

Dada wa darsani naye ana msingi wa maneno yake. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawaambia kuwa Allah amewabadilishia zilizo bora zaidi, Idd-ul-Adh-ha na Idd-ul-Fitr. Sikukuu ni sehemu ya dini, na Krismasi imesimama juu ya itikadi kuwa Isa (a.s.) ni mwana wa Mungu. Hiyo si yetu. Wapo maulamaa wanaokataza hata kuhudhuria chakula cha siku hiyo, nami nawaheshimu. Kwa hiyo anza kwa kumwomba mama: utafika tarehe 23, ulale kwake, umfulie, umchotee maji, au mkutano wenyewe usogezwe hadi tarehe 27. Akikubali, umetoka kwenye khilafu yote, yaani tofauti za maulamaa.

Lakini ikiwa ndugu zako wa Nairobi na Mombasa wanafika mkesha na kuondoka kesho yake, na hamna siku nyingine ya kuonana, basi kukaa na mama yako uani tarehe 25 kwa nia ya kuunga kizazi sikuhesabu kuwa ni kusherehekea. Kusherehekea ni kwenda nao kanisani, kuimba nyimbo zao za ibada, kuitikia amina dua inayoombwa kwa jina la Yesu. Hayo yaache. Wakienda kanisani, wewe baki jikoni. Nyumba yenye wageni wengi haikosi kazi. Mjomba akiombea chakula, nyamaza kwa adabu, kisha sema bismillahi yako kimyakimya.

Kwenye chakula ndipo wengi hutatizika. Wakichinja wao, suala la vichinjwa vya Ahlul Kitab (Mayahudi na Wakristo) lina maelezo marefu, na masharti ya madhehebu yetu ya Shafii ni mazito. Usijitie humo. Chukua kisu kikali, uwaombe wakuachie kuku uwachinje wewe mwenyewe. Watashangaa mwanamke kushika kisu, lakini kijakazi wa Kaab bin Malik (r.a.) alichinja mbuzi kwa jiwe na Mtume (s.a.w.) akaruhusu aliwe. Elekea kibla, taja jina la Allah, kata koo na umio, umwachie kuku atulie kabla ya kumtia maji ya moto. Kama kuna fahali, Mumias si mbali, na Waislamu wa kuchinja wako tele tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Nyama hiyo wote wataila bila mtu kutengwa. Sufuria ukizitilia shaka, zioshe. Ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyomwambia Abu Thaalaba (r.a.) alipouliza kuhusu vyombo vya Ahlul Kitab.

Chungu cha busaa kikitolewa na mirija yake, inuka. Tumekatazwa kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe. Mpeleke mama ndani mkazungumze. Huenda hayo ndiyo mazungumzo aliyokuwa akiyatamani miaka yote. Msomee tafsiri ya Surat Maryam. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alimsomea Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, mwanzo wa sura hiyo, na Najashi akalia.

Mchango toa, lakini uutaje: huu ni wa mchele, mafuta na dawa za mama. Usichangie pombe wala sadaka ya kanisa.

Kutoka Kisumu hadi Butere hakufikii masafa ya safari ya kupunguza na kuunganisha swala, ambayo ni takribani kilomita 81, kwa hiyo swali rakaa zote na kila swala kwa wakati wake. Kibla huko ni kaskazini, ukielemea mashariki kidogo. Tandika mswala wako waziwazi, watoto wa ndugu zako wakuone.

Kisha mwalike mama kwako Kisumu Idd ijayo. Idd-ul-Fitr ni siku ya mapumziko nchini, hivyo ndugu walio kazini nao wanaweza kumsindikiza. Mpikie pilau, mnunulie leso mpya, na nauli ya kuja na kurudi itoke mfukoni mwenu.

Wallahu aalam.