Mtoto anakwenda bweni Januari na bado anaamini anameza dawa za kifua

Shangazi, shikamoo. Ninaishi Mafinga na ninalea watoto wawili wa marehemu dada yangu. Wa kiume ana miaka 13. Alizaliwa na VVU mwaka 2012 na anatumia dawa tangu utotoni, ila sisi tumekuwa tukimwambia ni dawa za kifua. Amemaliza darasa la saba, na Januari anaanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni mkoani Mbeya. Mwezi uliopita kipimo kilionyesha kwamba wingi wa virusi umepanda, na nilipotandika kitanda chake nikakuta vidonge chini ya godoro. Mume wangu anasema tusimwambie kitu mpaka afikishe miaka 18, asije akakata tamaa. Dada yake ana miaka 16 na hajawahi kupimwa kwa sababu haumwi. Nifanye nini?
Mama mdogo, Mafinga

Marahaba, mdogo wangu, na kamwene. Nakupa pole kwa mzigo wa kulea, na nakushukuru kwa kueleza jambo hili lote bila kuficha kitu, hata lile la godoro.

Mwambieni mtoto, na mmwambie kabla hajafunga tranka lake. Namheshimu shemeji kwa hofu yake, ambayo ni ya mzazi, lakini miaka 18 ni mbali mno. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unashauri kwamba mtoto mwenye VVU aelezwe hali yake akiwa katika umri wa shule ya msingi, hatua kwa hatua kulingana na uwezo wake wa kuelewa. Kwa kipimo hicho mmekwisha kuchelewa kidogo, ingawa muda bado upo.

Jiulize pia kama kweli hajui. Kwa miaka yote hiyo umempeleka CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU, akakaa kwenye benchi akisubiri kuitwa, na ukutani mbele yake kuna mabango yenye maandishi makubwa ambayo mtoto wa darasa la tatu anayasoma bila shida. Chupa ya dawa nayo imeandikwa majina ya dawa, na mwenye simu hahitaji hata dakika moja kujua zinatibu nini. Mtoto wa miaka 13 ambaye hakohoi, lakini anameza dawa ya kifua kila siku ya Mungu, ama ameacha kuamini kwamba anaumwa, ama ameshafahamu ukweli na anajua kwamba nyumbani hautajwi. Sijui lipi kati ya hayo lilimfanya afiche vidonge, ila yote mawili yanaponywa kwa mazungumzo yale yale. Kwa kuwa virusi vimepanda, wahudumu watampa vikao vya ziada vya ushauri wa ufuasi wa dawa, yaani kuzimeza kila siku bila kuruka, kisha watarudia kipimo, lakini utamshaurije mtu afubaze virusi ambavyo hajaambiwa kwamba anavyo?

Usilibebe peke yako. Nenda kliniki kwanza bila mtoto, umweleze muuguzi au mshauri kwamba mnataka kumweleza ukweli, mpange siku na mgawane maneno. Watu hawa wamefanya kazi hiyo kwa watoto wengi, kwa maana mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo iliyobeba mzigo mzito: uchunguzi wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wenye miaka 15 na zaidi yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Mwanao si wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho.

Maneno yenyewe yawe machache. Anza kwa kumuuliza yeye anafikiri dawa hizo ni za nini, kisha unyamaze umsikilize, hata akichelewa kujibu. Halafu umwambie kwamba damuni mwake kuna virusi vinavyoitwa VVU, kwamba alizaliwa navyo, kwamba hakufanya kosa lolote, na kwamba dawa anayomeza huvilaza visiweze kuiharibu kinga ya mwili. Mwombe radhi kwa habari ya kifua. Mtoto aliyedanganywa kwa nia njema bado amedanganywa, na anastahili kuombwa radhi na watu wazima. Akiuliza kama atakufa, mjibu kwamba wanaomeza dawa vizuri huishi, husoma, huoa na kupata watoto wasio na virusi, na kwamba mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa kabisa hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Hili la mwisho litakuja kumfaa zaidi mbele ya safari, lakini alisikie likitoka kinywani mwako kabla halijapotoshwa bwenini.

Ataulizia mama yake. Hapo ndipo walezi wengi hukwama, na wengine kwa uchungu hupitisha neno la lawama ambalo mtoto hulibeba miaka. Mweleze ukweli unaomlinda marehemu: mpango wa kumwanzishia kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha, bila kusubiri kinga ishuke, ulianza nchini mwaka 2013, na mtoto alizaliwa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo mama yake hakuukuta mpango huo alipokuwa na mimba yake.

Anaweza kulia, kununa siku kadhaa, au kusema “sawa” tu akatoka kwenda kucheza mpira. Usiifuate ile “sawa” kwa maswali. Mpe siku mbili tatu, kisha umuulize mkiwa jikoni au shambani, mahali ambapo halazimiki kukutazama usoni. Na umweleze tofauti kati ya siri na aibu: habari hii ni yake, ataamua mwenyewe nani aijue, na hana haraka ya kumwambia rafiki wa wiki ya kwanza.

Kuhusu shule, iombe CTC impangie kituo kilicho karibu nayo, kwa uhamisho wa maandishi. Jijini Mbeya kipo pia kituo cha Baylor, kilichofunguliwa mwaka 2011 mahususi kwa watoto na vijana wenye VVU. Uliza kama anaweza kuhudumiwa huko, kwa sababu kukutana na wenzake wa rika lake kutamfundisha mambo ambayo mimi na wewe hatuwezi. Chagueni pamoja saa ya kumeza dawa inayoendana na ratiba ya shule, isigongane na prepo, yale masomo ya jioni, wala na foleni ya chakula. Vidonge vibaki katika chupa yake pamoja na kile kipakiti kinachozuia unyevu, na kama mlio wa chupa unamtia hofu, aweke pamba safi juu yake. Akisahau dozi, aimeze anapokumbuka, lakini asimeze mbili kwa pamoja. Patroni au muuguzi mmoja wa shule ajue, iwapo mtoto mwenyewe ameridhia. Shule haina haki ya kumlazimisha kupima, na Sheria Na. 28 ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi kwa sababu ya VVU.

Sasa huyu dada yake. Kutoumwa si jibu, kwa kuwa wapo waliozaliwa na virusi wakafika ujana bila dalili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaridhia kupimwa mwenyewe, kwa hiyo usimburute wala usimpeleke kwa hila ya kupima malaria. Mweleze sababu, umpe nauli, na uandamane naye akitaka. Wakimtoboa kidole, hatasubiri muda mrefu kupata majibu, na majibu hayo ni yake. Akirudi, usimuulize mbele ya mdogo wake.