Heksadekeni inazipasua nyutrofili zako, haizipimi

SWALI: Habari mtaalamu. Nafanya utafiti wa shahada ya pili, nataka kujua uso wa nyutrofili (seli nyeupe za damu zinazomeza bakteria) unakataa maji kiasi gani. Nimeweka seli kwenye PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti), nikaongeza heksadekeni (aina ya mafuta), nikatikisa kwenye voteksi (mashine ya kutikisa kwa kasi) dakika mbili, nikaacha itulie halafu nikasoma ukungu wa tabaka la maji kwa mwanga wa nanomita 600. Usomaji umeshuka asilimia 80. Je, seli zangu ni haidrofobiki (zinakataa maji) sana? Na kuna jamaa anapima kwa malipo, anatoa namba moja kwa kila sampuli, nimpe kazi?

JIBU: Hapana kwa yote mawili, na hiyo asilimia 80 tafadhali usiiandike popote.

Hili swali naletewa kila mara na kosa ni lile lile, mtu anaona maji yamekuwa meupe safi anaamini seli zimehamia kwenye mafuta. Hazijahamia, zimepasuka! Hicho kipimo mtafiti Rosenberg na wenzake walikitoa 1980 kwa ajili ya bakteria, na bakteria ana ukuta mgumu nje ya utando, ukimtikisa na mafuta anavumilia. Nyutrofili haina ukuta, ina utando laini wa lipidi wenye protini na sukari juu yake, ukiipigisha voteksi na heksadekeni utando unachanika, seli inamwaga vya ndani na spektrofotometa (mashine inayopima mwanga unaopita) haina la kuona. Mashine inajua mwanga umepita tu, haijui seli zimekwenda wapi.

Hakikisha mwenyewe leo hii. Chukua tone la lile tabaka la maji uliangalie kwenye hadubini na tripani bluu (rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa), kisha pima LDH (kimeng'enya cha ndani ya seli) iliyovuja. Ukichovya ncha ya pipeti ukaivuta juu ukaona uzi unaonata unafuata, hiyo ni DNA ya seli zilizokufa, basi jibu umeshapata.

Tena hata bila hayo, 80 ingekushtua. Watafiti Van Oss na Gillman kule Buffalo, Marekani, miaka ya 1970 walitandaza seli tabaka moja, wakaweka tone la maji ya chumvi juu yake wakapima pembe ya tone, na nyutrofili zikatoa kama nyuzi 18. Pembe ndogo hivyo maana yake tone linatandaa, uso unapenda maji. Wakaona pia bakteria mwenye pembe kubwa kuliko nyutrofili humezwa kirahisi, na yule mwenye kapsuli (ganda laini la nje) ya kupenda maji huiponyoka nyutrofili, kwa hiyo kinachotafutwa ni tofauti kati ya nyuso mbili.

Njia hiyo ya tone ni nzuri ila inataka subira kwenye kukausha. Ukisoma mapema unapima maji yaliyobaki juu ya seli, ukichelewa seli zimesinyaa na pembe inapanda kwa sababu hiyo tu, soma pale inapotulia kwa muda. Kwa seli hai mimi napendelea poliethilini glaikoli na dekstrani, polima mbili ambazo zikichanganywa kwenye maji hujitenga matabaka mawili, matabaka yote mawili ni ya maji na chumvi unaiweka sawa na ya damu kwa hiyo seli hazifi. Pima seli zinavyogawanyika kati ya matabaka mara mbili, bila na ukiwa na poliethilini glaikoli iliyofungwa asidi ya mafuta kama palmitati, tofauti ya hizo mbili ndiyo inakuambia habari ya uhaidrofobiki. Na tumia zaidi chumvi ya kawaida kuliko fosfeti, maana kwenye fosfeti unapima na chaji ya sukari za uso, wengi wanalisahau hili halafu wanaandika hitimisho refu.

Sasa huyo jamaa wa namba moja. Muulize njia gani, seli ngapi zilikuwa hai kabla na baada, zilikaa kwenye seramu (maji ya damu) au hapana (albumini, protini yake, inanata juu ya seli na kubadilisha uso), na zilitolewaje kwenye damu maana nyutrofili ikigusa kioo tu inaamka na kubadilika. Akishindwa kujibu hata moja usimpe sampuli. Wapo pia wanaochukua namba za aina hii wakauzia watu vidonge vya "kuimarisha uso wa seli za kinga", na hilo linaniudhi kweli, mgonjwa anatoa pesa kwa ajili ya seli zilizokufa ndani ya mafuta. Mtu akikuonyesha grafu ya hivyo, mwombe kwanza hesabu ya seli hai.